Straiki ya Tatu

Walinivisha barakoa ya chuma Jumamosi asubuhi
kwa kuwa mwamuzi mwenyewe alikwama Thika
na mimi nilikuwa nimesimama karibu.
Hiyo ndiyo sifa niliyokuwa nayo: ukaribu.
Mimi hufundisha Kilimo.
Niulize mbolea ya sukumawiki, nitakujibu hadi jioni.
Softiboli niliiona mara mbili, nikipita.

"Mpira ukija kati ya goti na kwapa,"
akaninong'oneza mwalimu wa michezo, "sema straiki.
Ukiwa na shaka, sema kwa sauti kubwa."

Nikasema kwa sauti kubwa.
Asubuhi nzima uwanja wa Kaloleni ukanitii,
hata mbwa aliyekuwa amelala besi ya tatu.

Ilikuwa Julai. Wingu limeshuka hadi kwenye mabati,
udongo mweusi umeng'ang'ania viatu vya watoto.
Ndipo akaja namba kumi na nne, Jentrix Naliaka,
miaka kumi na miwili, kofia imemzidi kichwa,
gongo kalishika kama mwiko wa ugali wa matangani.

Straiki ya kwanza.
Ya pili.
Ya tatu akaupiga upepo,
na mpira ukamponyoka mdakaji kama sabuni,
ukabingirika hadi kwenye majani.
Mimi tayari nimeinua ngumi: Auti!
Yeye tayari anakimbia.

Auti imetangazwa na mtoto anakimbia,
kofia inamziba macho, anaikimbilia besi ya kwanza
ambako Akeyo, mwenzake, amesimama hajui aende wapi.
Uwanja ukacheka. Nami nilicheka, nisifiche.
Nikamwita kwa kidole,
vile ninavyomwita aliyekuja shambani bila jembe.
"Mwalimu, mpira ulianguka. Ukianguka unakimbia."
"Ukianguka umeanguka," nikamjibu. "Nenda ukae."
Wazazi wakapiga makofi.
Makofi hayo ndiyo yaliyolala nami usiku ule.

Kocha wao, Madam Kwamboka, akaja na daftari,
akauliza kwa upole niliona nini.
Nikasema sikuona vizuri, jua.
Akainua uso, akalitafuta hilo jua.
Mbaazi ikikosa maua husingizia jua,
lakini hata mbaazi huchagua mwezi.

Jumatatu nikaomba kanuni.
Nikapewa fotokopi ya fotokopi, herufi zimechoka,
nikasoma kwa kidole kama mtoto wa chekechea:
mdakaji akiuangusha mpira wa straiki ya tatu,
mpigaji anaruhusiwa kukimbia
Karatasi ikaishia hapo, bila nukta.
Na usingizi wangu nao.

Jumamosi iliyofuata nikamtafuta.
Alikuwa ameketi juu ya mfuko wa magongo, anamenya chungwa.
Nikachuchumaa; radhi haiombwi kutoka juu.
"Naliaka, nilikosea. Ulikuwa na haki ya kukimbia."
Akameza. Akafuta mikono kwenye kaptula.
"Hapana, mwalimu. Nami nimesoma.
Besi ya kwanza ilikuwa na Akeyo,
na auti zilikuwa hazijafika mbili. Hapo hakuna kukimbia."
Akatoa karatasi yake. Kanuni ile ile,
ila mashine ya shuleni kwao haikukata mstari wa chini.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi.
Sijawahi kuwa sahihi na nikajisikia mchafu hivyo,
kama mtu aliyefumba macho akavuka Barabara ya Jogoo,
akafika ng'ambo, akapongezwa kwa kuvuka vizuri.

"Lakini wewe ulijuaje?" akaniuliza,
na hakuwa anadhihaki, alitaka kujua.
Nikatazama juu. Mawingu yale yale.
"Sikujua," nikasema,
neno langu la kwanza uwanjani pale
nililolitamka kwa sauti ndogo.

Akanimegea pande la chungwa.
Kisha akauliza kama angalau
foli ninaijua.